Orodha ya miradi ya maji iko wapi, mhariri?

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi na hii haitakuwa fupi, mnivumilie, mkikata kateni mbele msinikatie mwishoni.

Kila masika ikikaribia Dar tunasikia yale yale, mamlaka ya hali ya hewa inatoa tahadhari, viongozi wanashuka mabondeni na mabuti yao wanasema wananchi hameni, wananchi wanajibu tuhamie wapi, mvua inapiga, barabara ya Jangwani inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, halafu jua likiwaka siku mbili tatu kila mtu kashasahau. Mi swali langu ni moja na sijawahi kuona likijibiwa: orodha iko wapi? Yaani orodha ya kazi za maji za nchi hii, mto gani unachimbwa, ukingo gani unajengwa, bandari ipi inaongezwa kina, bei yake ngapi, nani analipa, nani atautunza mradi ukishaisha, na iwe imepitishwa na bunge kama sheria, siyo kama hotuba ya kupigiwa makofi.

Nauliza hivyo kwa sababu mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo bandarini, na mzigo ukiwa unatokea Savannah au New Orleans lazima ujue kidogo mambo ya huko unakotokea, maana meli ikichelewa mteja hamuulizi kapteni, anakuuliza wewe. Katika kufuatilia makato ya bandari za Marekani ndo nikakutana na sheria yao ya maji, wenyewe wanaiita WRDA, sheria ya maendeleo ya rasilimali za maji, ni sheria ya serikali kuu ya shirikisho na siyo ya jimbo moja moja. Niseme mapema haihusu maji ya bombani, hayo kwao yana sheria nyingine. Hii ni ya mito, bandari, njia za matishari, matuta ya kuzuia mafuriko, mabwawa, na kurudishia mazingira pale yalipoharibiwa. Na mtekelezaji wake mkubwa ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ndiyo, wanajeshi, kule kuchimba mto na kujenga tuta ni kazi ya kikosi cha jeshi tangu karne ya 19, ingawa wafanyakazi wake wengi ni raia wa kawaida.

Kilichonivutia siyo utajiri wao. Ni kalenda. Tangu 2014 bunge lao limepitisha sheria hii kila baada ya miaka miwili, 2014, 2016, 2018, 2020, 2022, 2024, hata pale walipokuwa wanagombana kwa kila kitu kingine hii ilipita. Ile ya 2024 Seneti iliipitisha kwa kura 97 kwa 1 mwezi Desemba, na Rais Biden akaisaini tarehe 4 Januari 2025 akiwa amebakiza wiki mbili kuondoka. Ndani yake ukifungua unakuta miradi kwa majina, mto fulani, bandari fulani, gharama ya jumla, humo serikali kuu inatoa kiasi gani na wenyeji wanatoa kiasi gani. Ukiwa mkazi wa pale huhitaji kumjua mtu wizarani, unasoma tu.

Na mradi hauingii hivi hivi. Kwanza wenyeji wenyewe, iwe jiji au jimbo au mamlaka ya bandari, wanaomba na wanakubali kuchangia. Utafiti unafanyika, na mwaka 2014 waliweka sharti kwamba utafiti usizidi miaka 3 na usizidi dola milioni 3, maana zamani ulikuwa unaweza kukaa miaka na miaka watu wanalipana posho tu (hilo la posho ni langu, sheria haijasema). Mwishoni Mhandisi Mkuu wa Kikosi anasaini ripoti inapelekwa bungeni, na ripoti iko wazi mtu yeyote anaisoma.

Wenyewe hawakuzaliwa na utaratibu huu, waligombana mpaka wakaupata. Kabla ya 1986 walikaa kama miaka 10 bila sheria kubwa ya aina hii, sababu ni pesa, kila mbunge anavutia mradi kwake halafu serikali kuu ndo ilipe. Rais Reagan akasema hapana, anayefaidika achangie. Sheria aliyoisaini tarehe 17 Novemba 1986 ndo ikaweka kwamba kinga ya mafuriko wenyeji watoe angalau asilimia 25, na mwaka 1996 ikapandishwa kuwa 35. Bandari nazo zikawekewa viwango, kadiri unavyotaka kina kirefu zaidi ndivyo mchango wako unavyopanda. Sheria hiyo hiyo ndo ilianzisha tozo ya kutunza bandari, ambayo leo ni asilimia 0.125 ya thamani ya mzigo, yaani mzigo wa dola 100,000 unalipa dola 125. Na inalipa mizigo inayoingia, inayouzwa nje hailipi, kwa sababu mwaka 1998 Mahakama ya Juu yao ilisema katiba inakataza kutoza kodi bidhaa zinazokwenda nje. Sisi watu wa mizigo tukisoma vitu kama hivi tunatamani kulia.

Sasa nisije nikaonekana naisifia Marekani kama mtu aliyeahidiwa viza. Sheria yenyewe ina kasoro na kasoro kubwa ni hii: kuorodheshwa siyo kulipwa. Mnajua kamati za harusi hapa mjini, daftari linapita, mtu anaandika ahadi laki 5 kwa mbwembwe, watu wanapiga vigelegele, siku ya kufunga mahesabu hela haijatumwa na simu haipokelewi. WRDA ni daftari la ahadi, hela inatoka kwenye bajeti ya kila mwaka, hiyo ni sheria nyingine na kamati nyingine. Ndo maana wana miradi kibao iliyoidhinishwa imekaa inasubiri. Kuna mradi wa kuikinga pwani ya Texas na mawimbi ya kimbunga, wazo lilipata nguvu baada ya kimbunga Ike mwaka 2008, ukaidhinishwa kwenye sheria ya 2022 kwa makadirio ya zaidi ya dola bilioni 34, na pesa ya kwanza ya serikali kuu kuingia mwaka 2024 ilikuwa dola laki 5. Laki 5 kwa bilioni 34, hata kamati ya harusi isingepokea.

Na kuna mfano wa Olmsted ambao nimeusoma mpaka nikauchoka. Mto Ohio unabeba matishari ya makaa ya mawe, mahindi, mbolea, na karibu na unapoingia Mississippi palikuwa na mabwawa mawili ya zamani, namba 52 na 53, ya miaka ya 1920. Yale mabwawa yalikuwa na vibao vya mbao chini ya maji, mto ukipungua wafanyakazi wanakwenda na chombo chenye winchi wanainua kibao kimoja kimoja mpaka maji yajae matishari yapite, mto ukijaa wanavilaza tena. Fikiria uchumi wa nchi kama ile unapita juu ya vibao vya mbao. Mwaka 1988 bunge likaidhinisha bwawa jipya moja la kubadili yote mawili kwa dola milioni 775. Likafunguliwa 2018, miaka 30 baadaye, kwa takriban dola bilioni 3. Sababu zipo nyingi, walichagua kutengeneza vipande vya zege nchi kavu halafu kuvishusha mtoni badala ya kukausha sehemu ya mto kwanza, na hiyo njia ikawa ngumu na ghali kuliko walivyodhani, lakini pia pesa ilikuja kwa kudonyoa kila mwaka, na mkandarasi akidonyolewa na yeye anakudonyoa.

Hapo kuna kitu cha kujifunza. Nusu ya gharama za Olmsted ilitakiwa itoke kwenye mfuko wa njia za maji, ambao wenye matishari wanauchangia kupitia kodi ya mafuta, sasa hivi ni senti 29 kwa kila galoni. Mradi mmoja ukaufyonza mfuko wote, miradi mingine ikakaa. Mwaka 2014 wakakaa chini wakabadilisha, mfuko utoe asilimia 15 tu ya Olmsted, na kodi ya mafuta wenye matishari wenyewe wakakubali ipande kutoka senti 20. Mnaona? Watu wanakubali kupandishiwa tozo pale wanapoona mradi wenyewe kwa jina na bei.

Sasa turudi hapa kwetu, maana sisi tozo tunayo. Kila lita ya petroli na dizeli ina Sh50 inayokwenda Mfuko wa Taifa wa Maji. Bodaboda analipa, daladala analipa, mama anayekuja Kariakoo na viroba vya mkaa analipa ndani ya nauli. Ukijaza lita 40 umechangia Sh2,000 ya maji na wengi wetu hata hatujui. Mi sina ugomvi na hiyo hela, ingekuwa hata zaidi ningelipa, ila nataka kuona imekwenda mradi gani, kwa jina, pale pale kwenye sheria.

Watasema sheria ipo. Ni kweli ipo na siyo mbaya, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya 2009, imegawa nchi mabonde 9, kila bonde na bodi yake, vibali vya kutumia maji, mipango ya bonde, jumuiya za watumia maji. Sisi Dar tuko bonde la Wami/Ruvu na makao yake makuu yako Morogoro. Lakini sheria ile inasema nani ana mamlaka, haisemi nini kitajengwa wapi na lini. Miradi iko kwenye viambatisho vya hotuba ya bajeti ya wizara, na hapo ni wizara moja tu, mifereji ya barabarani iko kwa wengine, bandari kwa wengine, vivuko kwa wengine, bwawa la umeme kwa wengine, marufuku ya shughuli za watu ndani ya mita 60 za kando ya mto iko kwenye sheria ya mazingira ya 2004. Maji yenyewe hayajui mipaka ya ofisi, yanashuka tu kutoka milima ya Pugu yanapita Tabata, Kigogo, Jangwani mpaka daraja la Salenda.

Niwape cha mtaani kwetu. Sisi tuko kwenye kona ya mto Msimbazi, mvua ikikatika mto unaacha mchanga mpaka magotini, na kabla jua halijapanda vijana wako mle na makoleo, kirikuu, vile vigari vya mizigo, zimejipanga juu, mchanga unauzwa kwa wanaojenga. Siwalaumu sana, ni riziki, na ni mchanga mzuri kusema ukweli. Lakini wanachimba kule unakopatikana kirahisi, mto unahamia upande wetu, kila msimu ukingo unakatika. Choo cha jirani yangu sasa hivi nusu kiko hewani, unaona tofali za shimo kwa nje. Tulichanga tukanunua viroba tukajaza mchanga ule ule tukapanga na matairi ya zamani, masika ikaja ikabeba viroba ikaacha matairi. Tukaenda ofisi moja tukaambiwa mto siyo wetu sisi tuna mifereji, tukaenda nyingine tukaambiwa kingo ni suala la mazingira, ya tatu ikatuambia tuandike barua, tukaandika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na ule muhuri ndo maendeleo pekee tuliyopata. Hakuna aliyetujibu vibaya, wote walikuwa wastaarabu, mmoja mpaka alitupa maji ya kunywa. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi ya kutuonyesha kwamba kona yenu ipo namba fulani au haipo kabisa msihangaike.

Mtu akiniambia haipo kabisa ningeshukuru, wallahi. Ningejua niuze au nijenge ukuta wangu.

Najua kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, jumla dola milioni 260, sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Dunia na nyingine za Hispania na Uholanzi, na naupongeza, watu wamelipwa fidia Jangwani inabadilishwa, baada ya yale mafuriko ya Desemba 2011 watu walipokufa na wengine kuhamishiwa Mabwepande pembezoni mwa jiji ilikuwa lazima kitu kifanyike. Lakini angalia, mpaka benki ya nje ije ndo tunapata nyaraka yenye ramani na bei ambayo mwananchi anaweza kuisoma, na nyingi ni za Kiingereza. Na wafadhili wakiondoka nani anazoa tope? Kule kwao mwenyeji anasaini kabla ya jembe la kwanza kwamba matunzo ni juu yake. Hapa mfereji unazinduliwa kwa utepe, mwaka unaofuata una godoro ndani.

Vivyo hivyo bwawa la Kidunda kwenye mto Ruvu. Bwawa hili limezungumzwa tangu wazee wetu wakiwa vijana, sasa hivi ndo linajengwa, litabeba lita bilioni 190, na tungekuwa nalo mwaka 2022 mto huo ulipopungua maji tusingekuwa tunapigania madumu usiku wa manane na kununua maji ya boza kwa bei ya mtu anavyojisikia. Lingekuwa kwenye orodha ya kisheria yenye tarehe, kila baada ya miaka miwili mbunge wetu angesimama aulize, namba 4 imefikia wapi, na waziri angejibu kwa namba.

Kuna vitu vingine viwili vya kwao ningeviiba leo leo. Cha kwanza ni kufuta. Sheria yao ya 2014 ilielekeza miradi ya zamani iliyokaa bila kufanya kitu, ya thamani ya dola bilioni 18, itafutwe ifutwe, maana orodha isiyofutwa inageuka kaburi. Cha pili ni ukaguzi. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans kuta za mifereji zilizojengwa na Kikosi hicho hicho zilivunjika, mji ukajaa maji, watu zaidi ya 1,000 wakafa. Sheria iliyofuata, ya 2007, ikasema miradi mikubwa sharti ipitiwe na wataalam wa nje wasiokuwa wa Kikosi. Hiyo ya 2007 ina kisa chake, Rais Bush aligoma kuisaini tarehe 2 Novemba akisema ina mamia ya miradi na ni ghali mno, dola bilioni 23, na bunge likampita juu, yaani likaifanya sheria bila saini yake, ndani ya wiki moja, kura 361 kwa 54 kwa wawakilishi na 79 kwa 14 Seneti, mara ya kwanza kwake kupitwa hivyo. Kuna wanaosema wabunge walikuwa wanatetea miradi ya majimbo yao tu. Sawa, na watetee, mi ningependa sana kuona mbunge wa hapa akimwambia mtu usiguse mfereji wa jimbo langu.

Wako watakaosema sisi siyo shirikisho, mambo ya maji siyo ya muungano hata Zanzibar wana utaratibu wao, na hatuna hela ya kujenga kila kitu. Kwa la hela ndo hasa nasema tuorodheshe, mwenye hela nyingi anaweza kujenga ovyo, sisi lazima tujue kipi kinaanza. Na jedwali haligharimu, sheria ya 2009 inaweza kufanyiwa marekebisho ikaongezwa kifungu cha jedwali la miradi, mito na kingo na mabwawa na bandari zote sehemu moja, linapelekwa bungeni kila miaka miwili, kwa Kiswahili, lenye jina la mto, kata, gharama, anayelipa, anayetunza, na yale yaliyofutwa na sababu ya kufutwa.

Na nyie wenye gazeti, wakati tunasubiri hilo, bajeti ya mwaka huu ikisomwa naomba mchukue vile viambatisho vya wizara zote zinazogusa maji mvipange kwa mkoa muvichapishe, Dar peke yake nusu ukurasa inatosha. Mkiweka na ya mwaka uliotangulia pembeni tutajilinganishia wenyewe.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam